Namba Inayotembea

Siri ya Fundi haikufichwa popote. Ilikaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya kaunta buku tatu nene, imeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, kalamu ya bluu, mistari imenyooka. Mgeni yeyote angeweza kuishusha akaisoma. Aliyeisoma kuliko wote ni mume wake. Miaka kumi na mmoja aliisoma kila Jumamosi jioni, kwa miwani, kwa rula, kwa penseli iliyochongwa ikachongeka, na hakuambulia kitu.

Lakini tusiende mbio.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mfupi, mwenye mdomo uliozoea kushika pini, na kwa sababu hiyo alizoea pia kuongea bila kufungua meno. Alishona tangu hajaolewa. Cherehani yake ilikaa kwenye korido ya nyumba, kati ya mlango wa jikoni na mlango wa bafu, na hapo ndipo wateja walipopimiwa nguo huku watu wa nyumbani wakipita na ndoo za maji. Mteja akishusha pumzi apimwe kiuno, mtu anapita: "Samahani, samahani." Aibu tupu. Jambo moja tu ndilo alilolitaka Fundi duniani: chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, dirisha na kioo kirefu. Mume wake alimwahidi kwamba siku atakayostaafu, kiinua mgongo kitajenga chumba hicho. Ahadi hiyo aliitoa watoto wakiwa wadogo. Sasa watoto wana watoto wao.

Mume mwenyewe watu walimwita Milimita, na jina lilimkaa. Alikuwa mpima mvua kwenye kituo cha hali ya hewa nje kidogo ya mji. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, siku zote, Jumapili na sikukuu, alikwenda kwenye kipimo, akainama, akasoma milimita ngapi, akaandika. Hakuchelewa, hakukadiria. Nyumbani ukimwambia "mvua imenyesha kweli leo," alikujibu, "Kumi na nne nukta mbili," kisha akaendelea kula.

Mtu wa namna hiyo akianza kufikiria bahati nasibu, hafikirii kama mimi na wewe. Sisi tunaota namba, tunakimbia kwa wakala. Milimita alisema huo ni ushamba.

"Mama watoto," alimwambia mkewe siku ya kwanza ya jambo lenyewe, "hali ya hewa haisomwi kwa siku moja. Unakusanya rekodi mwaka baada ya mwaka, halafu inaanza kusema yenyewe. Namba nazo ni hivyo hivyo. Mimi sinunui tiketi hata moja mpaka rekodi iive."

"Itaiva lini?"

"Nikistaafu."

Fundi alifurahi sana. Mwanamume asiyenunua tiketi mpaka astaafu, nani asimtake?

Tatizo lilikuwa moja. Droo ilisomwa redioni kila Jumamosi saa tisa kamili, namba sita kutoka moja hadi arobaini na tisa, na saa tisa kamili Milimita alikuwa ameinamia kipimo chake. Gazeti hakuliamini, kwa kuwa liliwahi kuandika mvua milimita nne badala ya arobaini, na hilo hakulisamehe. Basi kazi ya kusikiliza na kuandika akapewa mkewe. Alimnunulia kaunta buku, akamchorea mistari, akamwonyesha tarehe inakaa wapi. Fundi akasema sawa, haina shida.

Jumamosi ya kwanza ilikuta msimu wa kufungua shule. Sare zimejaa mpaka kwenye viti, wazazi wako mlangoni. Redio inasema, cherehani inanguruma. Fundi alisikia namba nne vizuri. Mbili zikamezwa na mshono wa pindo. Afanye nini? Aache mistari miwili wazi, mume aje anune jioni nzima? Mbele yake kulikuwa na kikaratasi cha vipimo vya mtoto wa jirani. Akachukua kifua, akachukua urefu, akajazia. Milimita aliporudi alivaa miwani, akasoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapiga mstari kwa rula. Basi, ikapita.

Jumamosi ya pili alisikia tatu. Jumamosi ya tatu, Mungu amsamehe, hakuiwasha redio kabisa.

Na kwa nini aiwashe? Vipimo vya nguo ni sita: mabega, mkono, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Namba za droo ni sita. Karibu vyote kwa inchi vinaanguka chini ya hamsini. Ungedhani waliobuni bahati nasibu walikuwa mafundi cherehani. Kila Jumamosi Fundi alimchukua mteja wa siku hiyo akamwandika kwenye kaunta buku, kuanzia ndogo hadi kubwa. Kifua na nyonga vikigongana, aliongeza inchi moja, maana namba za droo hazijirudii. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa na nyonga inchi hamsini na mbili, Fundi akamwandika arobaini na tisa, na mama wa watu hakuwahi kujua kwamba kuna mahali duniani alipunguzwa mwili bure. Siku za mvua, wateja wasipokuja, Fundi alikosa wa kumwandika. Hapo aliandika vipimo anavyovijua kwa moyo, vya mtu anayemshonea suruali za kaki za kazini kila mwaka bila kumpima hadharani. Alimwandika mume wake.

Aliona ni mzaha tu. Nani atakula hasara? Milimita hanunui tiketi. Anachora grafu, anapiga miluzi, anafurahi. Kuna wanawake ambao waume zao wana starehe mbaya zaidi ya hiyo.

Milimita naye akaanza kuona mambo. Kama kweli rekodi huongea, hii ilikuwa inapiga kelele.

"Mama watoto, hebu njoo uone. Kila mwanzo wa mwaka namba zinapungua! Zote zinashuka, ishirini na kitu, kumi na kitu."

Fundi aliyatazama yale mashati ya shule ya watoto wa darasa la kwanza, akasema, "Makubwa!"

"Na namba tatu. Namba tatu haijatoka hata mara moja. Wajinga wataicheza wakisema imechelewa, lazima itoke. Mimi nasema imekufa."

"Maskini," Fundi akasema. Hakujua nani mwenye kiungo cha inchi tatu.

Jambo lililomnyima Milimita usingizi ni lile aliloliita namba inayotembea. Miaka miwili ya kwanza, thelathini na mbili ilitoka sana, halafu ikapotea. Ikaja thelathini na tatu, ikatawala, nayo ikapotea. Kisha thelathini na nne. Namba inapanda ngazi kila baada ya miaka miwili, taratibu, kama mtu mwenye safari yake. Aliichorea grafu peke yake, kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani sebuleni. Fundi akipita pale alikuwa anauma midomo. Alijua vizuri ule mstari mwekundu ni nini. Yeye ndiye aliyekuwa anaachia mshono wa nyuma wa zile suruali za kaki, ziongezeke upana kidogo kila mwaka.

Miaka ikapita hivyo, kimya kimya, mpaka wiki aliyostaafu.

Kwa maajabu ambayo hayajawahi kuelezwa, kiinua mgongo kilitoka kabla Milimita hajarudisha hata funguo za kituo. Jumatano walimfanyia sherehe ya kumuaga. Wakubwa wakaongea, soda zikanywewa. Mwisho akapewa nafasi ya kusema neno, na mtu yule asiyejua kusifu akasimama akasema, "Wapimaji wengi nimefanya nao kazi. Lakini mpimaji bora niliyewahi kumwona yuko nyumbani kwangu. Miaka kumi na mmoja, hakuacha mstari hata mmoja wazi." Watu wakapiga makofi. Fundi alitabasamu bila kufungua meno.

Alhamisi asubuhi alikuja shemeji, mdogo wake Milimita, ambaye ni mwashi. Alikuja na kamba na vigingi, akaanza kupima mbele ya nyumba.

"Shemeji, dirisha ulitaka upande gani?"

"Upande wa barabara. Kubwa. Mtu akipita aone nguo."

"Ngoja kwanza," sauti ikatoka sebuleni. Milimita alikuwa amesimama chini ya grafu zake, shati la kazini bado kavaa ingawa kazi hana tena. "Ng'oa vigingi, mdogo wangu. Hatujengi chumba. Wiki ijayo tunajenga nyumba. Ghorofa, ukitaka."

Akawakalisha, akaeleza. Alikuwa ameileta nyumbani nakala ya rekodi ya mvua, miaka kumi na mmoja, akaiweka kando ya rekodi ya droo. Na alichokigundua kilimfanya akae chini. Mvua ikikatika, namba zinatawanyika ovyo. Lakini Jumamosi yenye mvua kubwa, namba sita za ukoo mmoja zinatoka pamoja. Kumi na nane, ishirini na nne, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na mbili, na ile inayotembea. Kila mara! Rekodi mbili, zimeandikwa na watu wawili, mahali pawili, hazijuani, na zinakubaliana.

"Sasa ni masika," alisema. "Jumamosi hii mvua itanyesha, hilo niachieni mimi. Na ile inayotembea, kwa hesabu yangu, imefika thelathini na saba. Nanunua tiketi za namba hizo na majirani zake wote wa karibu. Kiinua mgongo chote."

Shemeji mwashi akakuna kichwa. Alimtazama kaka yake, akamtazama shemeji yake, akaanza kukusanya vigingi.

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni na nusura azimeze.

Siku ile hakushona kitu kilichonyooka. Shati la mtu alilitia mkono wa kulia kushoto. Amwambieje? Kwamba grafu zote zile ukutani, jioni mia kadhaa za rula na penseli, ni viuno vya watu? Na baada ya sifa zile mbele ya wakubwa! Alijaribu kuzungukia mbali.

"Mzee, kama yule msomaji wa redio alikuwa anakosea?"

"Msomaji anaweza kukosea. Wewe huwezi."

Heri angempiga kibao.

Ijumaa mchana, baada ya chakula, Milimita akavaa viatu vya kutokea. Bahasha ya hela iko mfuko wa shati, imetuna. Nje wingu limekaa vizuri, jeusi, na yeye alilitazama kwa upendo. Fundi alimwona kutoka koridoni anafunga kamba za viatu, mguu mmoja halafu mwingine, kwa utulivu wa mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Akaona na dirisha lake la barabarani linafungwa pamoja na zile kamba. Akapiga moyo konde. Akatema pini kwenye kiganja, akavuta tepu ya kupimia shingoni.

"Baba watoto, hebu simama hapa kidogo."

"Nachelewa. Wakala anafunga kwenda kula."

"Simama. Nakupima."

"Unipime nini sasa hivi?"

"Simama, mume wangu. Na hiyo karatasi ya namba zako ishike mkononi."

Kuna sauti ambayo mume aliyeishi na mkewe miaka thelathini anaijua. Milimita akasimama katikati ya korido, kati ya jikoni na bafu, mikono ameiachia kama mteja.

Fundi akazunguka nyuma. "Mabega," akasema. "Soma."

Milimita akageuza shingo, akasoma tepu. Kusoma kipimo ndiyo kazi ya maisha yake, hakuweza kujizuia. "Kumi na nane."

"Mkono."

"Ishirini na nne."

"Kifua. Vuta pumzi kawaida."

"Thelathini na tisa." Sasa sauti ilikuwa imeshuka.

"Nyonga."

"Arobaini."

"Urefu wa suruali."

Milimita akatazama karatasi iliyo mkononi. Fundi akasoma mwenyewe, amepiga goti sakafuni, "Arobaini na mbili." Kisha akainuka, akapitisha tepu kiunoni, chini ya ile bahasha, akakutanisha ncha mbele ya kitovu, akamwachia asome.

Milimita alitazama kwa muda mrefu. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Thelathini na saba," akasema.

"Ndiyo hiyo namba yako inayotembea. Nilikuwa nakuandika wewe. Mvua ikinyesha wateja hawaji, nakaa hapa peke yangu nakuwaza uko kule kwenye kipimo umelowa, basi nakuandika wewe." Machozi yalianza kumtoka na alikasirika yanamtoka. "Siku nyingine nawaandika wateja. Mwanzo wa mwaka ni watoto wa shule. Arobaini na tisa ni mke wa mwalimu mkuu, tena nimempunguza. Cherehani ina kelele, baba watoto, sikuwa nasikia ile redio. Nisamehe. Nilidhani ni mchezo."

Paa la bati likaanza kugongwa na matone ya kwanza.

"Hata moja?" Milimita akauliza. "Hata droo moja ya kweli?"

Fundi akafikiria kwa uaminifu wote. "Ile Jumamosi ya kwanza. Namba nne."

Milimita akatoka nje, akasimama uani kwenye mvua bila kofia. Fundi alibaki koridoni, tepu mkononi. Alimjua. Huyu ni mtu aliyewahi kununiana na gazeti zima kwa sifuri moja. Akaona mgongo wake unatikisika. Analia, jamani, nimemuua mume wangu. Akachomoka mbio na kanga ya kumfunika.

Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka miwani imejaa maji, bahasha ameikumbatia isilowe.

"Lakini nilibashiri thelathini na saba," alisema alipopata pumzi.

"Ulibashiri."

"Na ni thelathini na saba."

"Kamili, wala haipungui."

"Kwa hiyo hesabu yangu haikukosea."

"Haikukosea hata kidogo, mume wangu."

"Na kwamba mvua inahusika, sikukosea."

"Hapo ndipo ulipopatia kuliko pote."

Wakaingia ndani wamelowa wote wawili. Bahasha aliikabidhi kwa mkewe bila hotuba, na Fundi akamtumia shemeji ujumbe: rudi na vigingi vyako.

Jumamosi, cherehani ilisimamishwa. Mvua ilinyesha, kama alivyoahidi. Tiketi moja ilikuwa imenunuliwa, moja tu, kumi na nane mpaka arobaini na mbili, kwa heshima ya kazi ya miaka kumi na mmoja. Saa tisa wakakaa mbele ya redio na kaunta buku, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Namba ya kwanza," redio ikasema, "tatu."

Milimita akaweka kalamu chini. Hizo nyingine tano hawakuzisikia kwa vicheko.

Chumba kilikwisha kabla masika haijakwisha, na dirisha likakaa upande wa barabara. Kaunta buku zilihamia huko pamoja na Milimita mwenyewe, maana mtu hawezi kuacha kupima kwa sababu tu amestaafu. Fundi miaka yote aliandika vipimo kwenye vikaratasi vikapotea. Zile kaunta buku ndizo zilizowahifadhi wateja wake wa Jumamosi zote, na tarehe juu. Milimita alikaa kwenye meza ya pembeni, akapekua, akauliza nani ni nani, akawachorea grafu. Siku hizi mteja akileta kitambaa, mzee anashusha miwani na kusema, "Wewe kufikia mwisho wa mwaka utaongeza inchi moja na nusu kiunoni. Fundi, mwachie mshono." Wateja wanamtukana, wanashona, na mwisho wa mwaka wanarudi kimya kimya kuachia mshono.

Siku moja alasiri, duka halina mtu, alifunga kaunta buku ya tatu akakaa akimtazama mkewe.

"Nimemaliza kupitia zote," alisema. "Mimi nimo mara mia na arobaini. Mke wa mwalimu mkuu yumo. Wifi yako yumo. Wewe humo."

"Mimi nani anipime?"

"Miaka kumi na mmoja, hata Jumamosi moja hukujiandika."

Milimita akainuka, akamtoa tepu shingoni, akamsimamisha mbele ya kile kioo kirefu. Alipima polepole, kama alivyopima mvua, akiinama kila mara kusoma kwenye usawa wa macho. Alipofika kiunoni akasimama.

"Achia tumbo."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Umebana. Unaniharibia rekodi."

Fundi akaachia. Milimita akasoma, hakusema ni ngapi, akaenda mezani, akafungua kaunta buku mpya ukurasa wa kwanza, na akaiandika.